Mbuzi Niliyoipeleka Ujerumani

Afisa wa forodha pale uwanja wa ndege wa Frankfurt aliniuliza kile kitu kilichofungwa ndani ya kanga ni nini. Kijerumani changu wakati huo kilikuwa cha miezi mitatu, nilichojifunza Tanga usiku kwa simu, na somo la wanyama nilikuwa nimelimaliza vizuri. Nikamjibu bila kusita: Ziege. Mbuzi.

Akanitazama mimi, akalitazama sanduku, akamwita mwenzake.

Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka nje, na bango la kusema hivyo nilikuwa nimelipita dakika tano kabla. Nilipowaona wanavaa glavu ndipo nikaelewa nimesema nini. Wakafungua fundo taratibu, kama watu wanaongoja harufu, wakakuta kigoda cha mti cha kukunja chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno. Mambo yakazidi kuwa magumu, maana mbuzi isiyo na nyama ila ina makali nayo inataka maelezo yake. Sikuwa na maneno. Nikaikunjua, nikaiweka sakafuni, nikaikalia pale pale mbele ya foleni, nikashika nazi isiyokuwepo na kuanza kukuna hewa. Yule wa pili alicheka mpaka akashika meza. "Kokosnuss!" Wakaifunga wenyewe kwenye kanga, wakanitakia masomo mema.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba 2022. Nilikuwa nakwenda Dresden kusoma shahada ya uzamili ya mambo ya maji, kwa sababu kwetu Pangani maji ya chumvi yanapanda mtoni, na nilitaka kujua kitaalamu jambo ambalo bibi yangu alilijua kwa kuonja. Mbuzi sikuitaka.

"Huko nazi utakunia nini?" mama aliniuliza usiku wa kufunga mizigo.

"Mama, Ulaya hakuna nazi."

"Umeshafika?"

Sikuwa nimefika hata Nairobi. Akatoa jozi moja ya viatu sandukuni, akaipachika mbuzi mahali pake, akaizungushia kanga yake mwenyewe.

Nilichokuwa naogopa si uzito. Pwani kwetu mwanamume mzima kukaa juu ya mbuzi ni jambo la kuchekwa, labda awe mpishi wa shughuli. Mimi mara ya mwisho nilikaa nikiwa darasa la tatu, nikajikata kidole, nikasamehewa kazi hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo nilipofika bwenini niliisukuma chini ya kitanda pamoja na kanga yake, nikaenda zangu kutafuta mkate.

Bweni lenyewe lilikuwa Johannstadt, mtaa wa maghorofa ya zege yaliyojengwa enzi za Ujerumani Mashariki. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiamka nadhani niko Michenzani kwa mama mdogo: madirisha yale yale, ngazi zile zile, kuta zile zile zinazopitisha kikohozi cha jirani. Na wala si kufanana kwa bahati. Majumba ya Kikwajuni na Michenzani pale Unguja yalijengwa kwa msaada wa Wajerumani hao hao wa Mashariki, baada ya Mapinduzi ya 1964. Ila hapa chini ya ghorofa hapakuwa na mtu anauza maandazi. Ukitembea kidogo unafika mto Elbe, na pale pana kivuko. Jumapili maduka yote yamefungwa, sina pa kwenda, nilikuwa nalipa nauli, navuka, nasimama ng'ambo kidogo, narudi. Aliyezoea kuvuka mto kwetu Pangani kwenda kijiji cha Bweni atanielewa.

Novemba ukaja usiku wa mataifa. Kila nchi ilipewa meza, dakika kumi jukwaani, na fomu ya kujaza: vazi la taifa, chakula cha taifa, ngoma ya taifa. Nchi ina makabila zaidi ya 120, nafasi ya kuandika ni mstari mmoja. Mtanzania kwenye orodha yao nilikuwa peke yangu, nikajaza haraka nilichodhani wanakingoja. Nikaazima shuka jekundu kwa Mkenya mmoja wa Kakamega, ambaye naye alilinunua Nairobi kwa kazi hiyo hiyo. Nikapanga picha za Kilimanjaro, za simba, na ile ya machweo yenye mti mmoja. Nikapanda, nikarukaruka, nikawafundisha watu kusema "Jambo", neno ambalo kwetu sijawahi kumsalimia nalo mtu hata siku moja. Makofi yalikuwa mengi. Mtoto mmoja wa Kijerumani akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi nilipoua simba wangu wa kwanza. Nikamwambia kumi na sita.

Mungu anisamehe.

Niliposhuka, msichana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma akanijia moja kwa moja, akanisalimia kwa Kimaasai. Nikajibu: "Marahaba."

Hakucheka. Alikuwa Mmaasai wa Monduli, anasomea misitu Tharandt, mji mdogo nje ya Dresden ambako chuo kina idara zake za misitu, ndiyo maana waandaaji hawakuwa na jina lake. "Kaka," akasema, sasa kwa Kiswahili, "hilo shuka umelifunga kama mtu anayekwenda kuoga." Akaniuliza natoka wapi. Pangani. "Sasa Pangani hakuna kitu, mpaka mje kuazima kwetu?"

Angekuwa na hasira ningepata la kumjibu. Lakini aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Usiku ule nilijaribu kumjibu kichwani. Tuna minazi. Tuna mkonge. Tuna kivuko. Tuna maulidi, lakini maulidi ya dakika kumi ni maulidi gani? Kila nilichokitaja ama kilikuwa kidogo mno kupanda nacho jukwaani ama kilikataa kukatwa. Jibu lilikuwa chini ya kitanda nilicholalia, na halikunijia.

Ramadhani ya 2023 ilianza tarehe 23 Machi. Siku zile za kwanza nilifuturu tende na tambi za pakiti, zile za kumwagia maji moto, peke yangu, nikiutazama ukuta. Siku ya nne wakasogeza saa mbele kama wanavyofanya kila mwisho wa Machi. Nikaamka kula daku nikakuta saa nzima imeibwa, na magharibi iliyokuwa saa kumi na mbili na ushei jana, leo imekuwa saa moja na ushei. Jua halikusogea, saa ndiyo iliyosogea, lakini nenda kalieleze tumbo.

Siku ya tano nikashikwa na hamu ya muhogo wa nazi. Si hamu ya kawaida; ilikuwa ile ya mwenye mimba. Katika duka la vyakula vya Kiafrika muhogo ulikuwepo, umetoka Costa Rica, umepakwa nta unang'aa kama kiatu cha askari. Tui nikanunua la kopo. Nikapika. Muhogo uliiva vizuri tu, tui likakaa juu yake kama rangi ya ukuta. Lilikuwa zito mwanzo hadi mwisho, halina la kwanza wala la pili. Nikampigia mama simu ya video nipate angalau mtu wa kufuturu naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hicho nini?"

"Muhogo wa nazi."

"Nazi gani hiyo?"

Nikamwonyesha kopo. Akanyamaza kidogo. "Na mbuzi nilikupa ya kuchezea?"

Kesho yake nikarudi dukani nikanunua nazi mbili, zimeshafuliwa, za kahawia. Nikaivuta mbuzi, nikaipangusa vumbi la miezi mitano, nikaipeleka jiko la pamoja. Simu niliisimamisha kwenye birika mama apate kuona. Nilipokaa tu akaita majirani. "Njooni mumwone mhandisi!" Nikasikia milango inafunguliwa Pangani. Kuna mwanamke mmoja wa mtaani kwetu, mpaka leo akikutana nami haniulizi habari za Ujerumani, ananiuliza kama bado nakuna.

Pembeni kulikuwa na kijana wa Kerala, kusini mwa India, anapika wali wake. Miezi mitano tulikuwa tumeishi ghorofa moja tukipeana salamu ya kichwa na kugombania nafasi kwenye jokofu. Akaacha mwiko, akaja, akainama. "Chirava," akasema. Kwao kinaitwa hivyo, na kipo karibu kila nyumba. Akanifanyia ishara ninyanyuke. Alivyokaa tu nikajua mwanafunzi ni mimi: nazi inazunguka kiganjani bila kutazamwa, anaanza ukingoni anarudi ndani, nyeupe inashuka kama unga wa kwenye chekecheke. Mama kwenye birika hakucheka tena. Akaniambia nimwulize mama yake anaitwa nani. Kifumbu hatukuwa nacho, tukatumia kitambaa cha kukaushia vyombo. Tukakamua tui la kwanza, tukatia maji vuguvugu, tukakamua la pili. Na kwa kuwa sote wawili tulikuwa tunazungumza kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale, kitunguu kikaungua, kengele ya moshi ikalia jengo zima.

Msimamizi wa jengo akapanda ngazi amekasirika, kwa haki yake. Mzee wa miaka sitini na kitu, aliyewahi kuwa seremala. Akazima kengele, akafungua madirisha, akaanza kutusomea kanuni za jiko, kisha macho yakatua kwenye mbuzi. Akaigeuza juu chini. Akaitikisa. Bawaba ilikuwa imelegea kwa safari. Akashuka bila kusema neno, akarudi na bisibisi na skrubu mpya, akaikaza. Muhogo alikula amesimama. Kuanzia siku ile nilimwita Mzee, naye alipoelewa maana yake akapenda. Ndiye aliyenieleza kwamba utotoni mwake jina la Sansibar lilikuwa halikauki magazetini, kwa ajili ya wajenzi waliokwenda huko. Nami nikamwambia kwamba ngazi zao zinafanana na za mama yangu mdogo, na kwamba kule nako kuta zinapitisha kikohozi.

Desemba yake aliniletea Stollen, ule mkate mtamu wao wa Krismasi, na soko lenyewe la Krismasi la Dresden, Striezelmarkt, lina historia ya tangu 1434. Nikachukua kisu nikaanza kukata pembeni. Alinishika mkono. Stollen hukatwa katikati, kisha vipande viwili vinavyobaki husukumwa vikutane, usikauke. Ukali aliousema nao ulikuwa ule ule wa mama akimwona mtu anachemsha tui la kwanza mapema.

Turudi Ramadhani. Kila Ijumaa watu wakawa wanakuja jikoni kwetu, wanaofunga na wasiofunga, na hapo ndipo ilipozaliwa sheria yetu: mgeni hukuna kwanza, kisha hula. Watu husema nilibuni jambo la busara. Ulikuwa uvivu. Nazi nne zinachosha mkono, na mtu mwenye saumu hana nguvu za kukunia watu kumi. Lakini niligundua kitu. Mtu aliyeshika nazi juu ya mbuzi haniulizi habari za simba. Ananiuliza: niache wapi? Namwambia ukiona kahawia inakaribia, acha, zungusha. Akishaweza, ataanza kunisimulia, bila kuulizwa, jinsi bibi yake alivyokuwa akimenya viazi, au akisukuma unga wa kitu ambacho sijawahi kukisikia. Miezi yote ile nilikuwa nawapa watu kitu cha kutazama. Kumbe walikuwa wanataka kitu cha kufanya.

Dada wa Monduli ndiye aliyeleta wazo la tarehe 7 Julai. UNESCO ilikuwa imeitangaza siku hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, Sabasaba ile ile ambayo chama cha TANU kilizaliwa 1954, na ilianza kuadhimishwa 2022. "Safari hii hatujazi fomu," akasema. Ilikuwa Ijumaa, jua kali, tukakaa majanini ukingoni mwa Elbe, sehemu inayoruhusiwa kuwasha makaa. Hatukuweka jukwaa. Tulitandika mikeka, tukaleta sufuria mbili, mbuzi katikati, na ile kanga ya mama tukaitundika mtini.

Tulikuja sisi Watanzania wawili, yule Mkenya wa Kakamega, Mrundi mmoja, na mama mmoja wa Bukavu mwenye watoto watatu aliyeishi Dresden miaka mingi kuliko sisi wote tukijumlishwa. Tulikubaliana kupika kisamvu. Yaani mimi nilisema kisamvu, Mama Bukavu akasema sombe, Mrundi akasema isombe, na pakiti iliyogandishwa kutoka dukani ikasema saka-saka. Jani ni moja. Ugomvi ulianza nilipoikokota mbuzi karibu na sufuria.

"Ile ni ya nini?"

"Ya nazi, mama. Ya kutia kwenye kisamvu."

"Nazi? Ndani ya sombe?" Akageuka kuwatazama watoto wake kama anayetaka mashahidi. Kwao sombe ni mafuta ya mawese, na chupa alikuwa nayo, nyekundu kama damu ya mzee. Tulibishana robo saa, Kiswahili cha Pangani na Kiswahili cha Bukavu, yeye anasema "banatia mawese", mimi nasema "wanatia tui", yeye anaomba mayi, mimi nampa maji, mpaka Mkenya akachoka: "Wacheni stori, ugali iko wapi?" Ndiyo maana sufuria zilikuwa mbili. Alipoonja yangu alitafuna polepole. "Sombe yenu iko na sukari," akasema, akaongeza kijiko. Mimi yake niliila mpaka nikauma kidole, ila sikumwambia. Nimeandika hapa kwa kuwa najua hasomi vitu hivi.

Mchana watu wa njia wakaanza kusimama. Binti mmoja wa Thailand, mwanafunzi, aliiona mbuzi akaanza kucheka peke yake. Kwao nako wanacho, cha kukalia vile vile, na wanakiita kratai. Maana yake sungura. Mbuzi wetu, sungura wao. Tulikaa tukijiuliza nani alianza kumwona mnyama ndani ya kigoda, na kwa nini mnyama huyo akabadilika njiani baharini. Mwanamke mmoja wa Kijerumani aliyewahi kujitolea Lushoto akataka kuonyesha Kiswahili chake, akaniambia, "Mbuzi wako mzuri." Nikamwambia huyo angekuwa anakula majani, hii husemwa mbuzi yako nzuri. Akashika kichwa. Mama Bukavu akamtuliza: "Usijali, dada. Kwetu yote iko tu mbuzi."

Huyo huyo wa Lushoto ndiye aliyeisoma kanga: Hasidi hana sababu. Wengine waliouliza maana niliwafasiria wakaitikia, "Aa, nzuri." Yeye akaniuliza swali lenyewe: "Inamsema nani?" Mtu aliyewahi kuishi uswahilini huwezi kumdanganya, anajua kanga hainunuliwi bure. Nikampigia mama papo hapo. Mama, ile kanga uliyonifungia, hasidi ni nani? "Wewe soma maji yako," akasema, "hayo ya wakubwa yaache." Na kwa jinsi alivyokata simu haraka, nadhani huyo hasidi anaishi karibu.

Mzee wa bwenini alikuja jioni na kiti chake cha kukunja. Akakaa, akapewa nazi, akakuna. Nilikuwa nawachekesha watu kwa maneno ya Kijerumani tuliyobaki nayo: shule kutoka Schule, hela kutoka Heller, ile sarafu yao ya zamani. Watu wakafurahi sana kusikia hivyo. Mzee akauliza bila kuinua kichwa: "Na nini kingine tuliwaachia?"

Sikuwa nimepanga kusema. Lakini natoka Pangani. Nikawaambia kwamba mwaka 1888 watu wa kwetu walikataa kutawaliwa na kampuni ya Wajerumani, Abushiri bin Salim akawaongoza, pwani nzima ikawaka, na tarehe 15 Desemba 1889 Wajerumani wakamnyonga Abushiri pale pale Pangani. Kisha nikawaambia habari ya mkonge, ambao nilikuwa nimejivunia utoto wangu wote kuwa ni wetu. Ulikuja 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, ikafika hai miche 62, ikapandwa Kikogwe, huko huko kwetu. Kwa hiyo, nikasema, kwetu kamba ilitangulia, mmea wa kusokotea kamba ukaja baadaye.

Palinyamaza. Nikajuta, nikadhani nimeiharibu siku. Dada wa Monduli akanong'ona, "Hilo hukulijaza kwenye fomu." Mzee hakusema kitu. Akachukua nusu nyingine ya nazi, akaikuna mpaka mwisho, akapitiliza kwenye kahawia, akaendelea, mpaka nikasikia meno yanagusa kifuu. Sikumkataza. Kisha mtoto mmoja wa Mama Bukavu akauliza kama mpira umeingia mtoni, na kweli ulikuwa umeingia, tukakimbia wote.

Mambo mengine hayakwenda hivyo. Siku ile ilinigharimu karibu euro 140 za mfukoni, kwa sababu kila aliyeuliza alete nini nilimjibu "usijali", tabia ya kwetu ambayo ni nzuri mpaka uipige hesabu ya mwanafunzi. Mwaka uliofuata nilijibu: lete nazi tatu. Na habari za mbuzi zilipoenea, nikawa naalikwa kila mahali. Taasisi moja iliniomba niipeleke kwenye hafla yao. Nilifika nikakuta wameiandalia meza yenye kitambaa cheusi na taa ya juu. Wakaiweka, wakaandika kikaratasi chenye jina la nchi, na chini yake: tafadhali usiguse. Nilisimama kando yake saa nzima na nazi mbili kwenye mfuko wa plastiki. Watu wanapita, wanaitazama, wananitazama. Sikugombana na mtu. Nikaichukua mapema nikasema nina mtihani, nami sikuwa na mtihani.

Kuna majuma pia nilikuwa sitaki kuwa wa Pangani kabisa. Nilitaka kuwa mtu aliyeshindwa somo la takwimu, basi. Ukishajulikana kwa jambo la kwenu, watu hudhani daima unalo mfukoni, kama kalamu. Nilijifunza kusema leo hapana, na waliokuwa rafiki zangu hawakuona ajabu.

Nilimaliza Oktoba 2024. Mkerala alikuwa ameshapata kazi mji mwingine, akaondoka na chirava yake halisi aliyoletewa na dada yake. Sanduku langu lilikuwa limejaa vitabu. Nikaipeleka mbuzi chini kwa Mzee pamoja na nazi mbili, akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama nina hakika. Kanga nilirudi nayo. Hiyo nisingethubutu kuiacha.

Mama alifungua sanduku sebuleni mbele ya wageni. Akatafuta mara ya kwanza, akatafuta mara ya pili.

"Mbuzi yangu?"

Nikamweleza. Alininyamazia siku mbili, nami nikamnunulia nyingine sokoni, ambayo mpaka leo anasema meno yake hayana akili.

Februari 2025, Ramadhani imekaribia, simu yangu ikalia. Picha kutoka kwa Mzee. Mbuzi iko juu ya meza ya useremala, amepaka mti mafuta, amenoa meno kwa tupa. Kando kuna bakuli la tui alilolikamua mwenyewe, limefifia, limekuwa na rangi ya majivu, na ameandika swali moja tu: kwa nini halifanani na la kwenu?

Nikampa mama simu. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaipanua kwa vidole viwili.

"Bado anakuna mpaka kifuuni," akasema. "Mwandikie aache mapema."